Kubeba Njaa ya Nakijwa

Niseme mapema, nisije nikaonekana mtu mwema: hapa Tanga hakuna aliyemcheka Nakijwa kunishinda mie. Tumekua pamoja Chumbageni, tumekaa dawati moja, na kila nilipopata watu wa kunisikiliza nilimsema unene wake. Akawa mwalimu, sikuacha: kwenye shughuli, nikimwona anaingia getini, nilikuwa napaza sauti jikoni, "Ongezeni sufuria, mwalimu kafika!" Watu wanaangua kicheko, naye anacheka nao, mie najiona fundi wa maneno. Aliponiambia moyo wake umechoka, kwamba bila kukatwa tumbo, na mtu wa kumbebea njaa mpaka apone, hamalizi miaka miwili, nilidakia hata kabla hajaniomba. "Nitakubebea mie, shoga." Sijui kama ulikuwa upendo. Nadhani nilikuwa nataka kujisafisha.

Kituo cha upasuaji kilikuwa Sahare, jengo jeupe lenye paa la kunasa jua. Daktari Shemdoe, Msambaa wa watu, mpole, anaongea taratibu, alitukalisha watatu: mie, Nakijwa, na mama yake Nakijwa, bibi wa Kipare wa miaka sabini aliyenyooka mgongo kuliko sisi sote. Mezani palikuwa na kisahani chenye punje mbili, ndogo kama ufuta.

"Hii ya mwalimu," daktari alisema, "inakaa kwenye mshipa wa fahamu unaopanda kutoka tumboni. Hii yako, dada Mwanakombo, inakaa chini ya sikio. Tukishalikata tumbo lake likabaki kama yai, njaa yake haitafika kwake tena. Itakuja kwako. Siku arobaini, mpaka mshono ukomae."

"Kwa nini msiizime tu hiyo njaa?" aliuliza Mama Nakijwa.

"Tuliwahi kuizima, mama. Wagonjwa wakaacha kutaka chakula, wakaacha kutaka maji, mwisho wakaacha kutaka kuamka. Mwili ukilia, lazima awepo mtu wa kuusikia. Tukampa mtu baki, ubongo wake ukaikataa njaa ya watu wiki haijaisha. Ndiyo maana tunatafuta ndugu au rafiki."

Akanigeukia. "Sasa nisikilize vizuri. Njia hii inakwenda na kurudi. Njaa inakuja kwako, shibe inarudi kwake. Mwili wako tutaulisha kwa kiraka cha begani, hutadhoofika. Utakula uji, vijiko sita, saa moja asubuhi, saa saba mchana na saa moja jioni, na yeye atakunywa wake saa hizohizo. Zaidi ya hapo ni maji tu. Ukila wewe, tumbo lake litaamini limekula. Litajikunja kusaga. Na lina mshono."

"Daktari, mie nafunga Ramadhani nzima na sita juu yake," nikamjibu. "Njaa naijua."

Nakijwa alinitazama. Mama yake akasema, "Afadhali wewe, Mwanakombo. Wewe unaweza kujizuia."

Nikafurahi kusifiwa.

*

Punje ziliwashwa siku ya pili baada ya upasuaji, saa nne asubuhi. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la korido, nimejiandaa tumbo lingurume. Halikunguruma. Ile njaa ilikuja kwenye fizi, ikaja viganjani, ikaja nyuma ya macho. Ilikuwa kama mtoto analia chumba cha pili nawe umefungiwa mlango. Unasubiri anyamaze, na hanyamazi. Nikamshika daktari mkono.

"Punguza, kuna kitu kimeharibika."

Akatazama kioo chake cha vipimo. "Hakuna kilichoharibika, dada. Hii ndiyo njaa yake ya kila siku. Tena asubuhi huwa iko chini."

Ya kila siku! Nikakaa. Nikamkumbuka kwenye harusi yangu mwenyewe, amevaa gauni la zambarau, ameshika sahani ya kwanza na wala hajaanza kula, na mie bi harusi nimekaa jukwaani nanong'ona na wapambe wangu juu ya ile sahani. Yarabi. Nilitamani kuingia chini ya benchi.

Wiki ya kwanza nilikwenda kumwona kila siku. Nakijwa alikuwa amechangamka kama mtu aliyetoka kifungoni. Alikuwa na madaftari ya darasa la nne kitandani, anasahihisha.

"Shoga, jana wamepitisha samaki wa kukaanga hapo mlangoni," aliniambia, macho yamemtoka. "Harufu nimeisikia. Nikaendelea kusahihisha! Nimemaliza rundo zima, akili haijahama hata mara moja. Kumbe ndivyo mnavyofanya kazi?"

"Ndivyo."

"Na weye vipi huko?"

"Haya tu."

"Muongo." Akanivuta mkono. "Ikifika alasiri ndiyo inazidi. Usikae bure. Hesabu vigae, hesabu madirisha. Usiwahesabu watu wanaokula, utawachukia. Na usilalie ubavu wa kushoto."

Alikuwa ananifundisha kama mtu anayekuelekeza njia ya kwao.

"Mbona hukuniambia?" nikamuuliza. "Miaka yote hii, Nakijwa, mbona hukusema iko hivi?"

"Ningesema nini? Kila mtu alikuwa anasema anasikia njaa. Mie nikadhani wote tunasikia ileile, ila ninyi ndio hodari."

Nilijisingizia nina safari, nikaondoka.

*

Siku ya kumi na tisa ilikuwa harusi ya Mwanamvua, binti wa kaka yangu. Ningekataa kupika, na nilipaswa kukataa. Lakini mie ndiye mpishi wa shughuli za ukoo wetu, sufuria nne za pilau, watu mia tatu, na aliyekuwa anishikie nafasi aliamka na homa. Nikajipa moyo kwamba kusimamia moto si kula. Nikafunga kibwebwe nikaenda.

Siku hizi wapo wapishi wanaotumbukiza kijiti kwenye sufuria kikawasomea chumvi na viungo. Mie kijiti sikitaki. Watu wanajua pilau yangu imepita kwenye ulimi wangu, na hilo ndilo jina nililonalo mjini. Mpaka saa tano nilikuwa nimejitahidi kwa macho na pua. Kisha akaja wifi yangu, mama wa bi harusi, uso umemparama kwa wasiwasi.

"Wifi, wakwe wamefika. Chumvi iko sawa?"

"Iko sawa."

"Umeonja?"

Nikafunika sufuria.

"Wifi, onja basi, usinitie aibu leo!"

Nikajiambia hivi: Ramadhani ngapi nimepika futari mchana, nikaonja, nikatema, na swaumu yangu ikabaki swaumu? Wanawake wote wa kwetu tunafanya hivyo. Supu tone moja kiganjani, ncha ya ulimi, unatema, unasukutua, basi. Kuonja si kula. Wallahi sikuwa najidanganya, niliamini hivyo kwa dhati. Daktari kasema nisile, nami siendi kula.

Nikatia tone kiganjani. Nikagusa kwa ncha ya ulimi.

Sikutema. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka ni wakati gani niliamua kutotema, na hapana, wakati huo haukuwapo. Kwenye Ramadhani nilikuwa nazuia njaa yangu mie. Hii sikuwa nimewahi kuilea, hainijui, haisikii neno langu. Nikajikuta nimechutama nyuma ya jiko la mwisho, mkono kwenye sufuria, naukomba ukoko wa moto kwa vidole, naupeleka mdomoni kabla haujapoa. Vidole vinaungua na sijali. Nilikula nyama, nikala mifupa ikiwa na mafuta yake, nikala wali ulioangukia kwenye kifuniko. Wale akina mama wa kukatakata vitunguu wakaniona. Mmoja akacheka, akawaambia wenzake, "Loo! Mpishi leo kajisahau!" Wakacheka wote, utani wa jikoni, hawana ubaya. Ulikuwa utani wangu mwenyewe ule.

Na linaloniuma kuliko yote, sikumkumbuka Nakijwa. Robo saa nzima nilikula bila kumkumbuka. Nilimkumbuka simu ilipolia, nikaona jina la kituo.

*

Mshono ulikuwa umeachia mahali pawili. Walimrudisha chumba cha upasuaji, wakamshona upya, na mpaka alasiri alikuwa ametolewa, rangi imemtoka, midomo imekauka. Mama yake alikaa upande mmoja wa kitanda. Mie nilisimama ukutani na harufu ya jiko mwilini, mikono nimeificha ndani ya kanga kwa sababu wali ulikuwa bado kwenye kucha.

Daktari Shemdoe aliingia na kioo chake. "Tumbo limejikunja robo saa nzima. Punje zinaonyesha lilikuwa linasaga. Hazionyeshi kwa sababu ya nani." Akatutazama mmoja mmoja. "Nani amekula?"

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Lakini nilimwona yule mama wa miaka sabini ananitazama kwa heshima, ulimi ukawa mzito.

"Ni mimi," alisema Nakijwa kwa sauti ya kukwaruza. "Nilikula biskuti. Za yule mgonjwa aliyetoka juzi, alizisahau kwenye droo."

"Biskuti!" Mama yake alisimama. "Nakijwa! Siku kumi na tisa tu zimekushinda? Mwenzio anateketea na njaa yako huko nje, wewe umelala kwenye shuka safi unatafuna biskuti? Huoni haya? Mtazame Mwanakombo! Mtazame! Angekuwa yeye asingekula hata punje!"

Nakijwa alikuwa anatazama dari.

"Nisamehe, mama," akasema.

Na mie nikanyamaza. Nilisimama pale na pilau tumboni, nikaacha mtu aliyeshonwa mara mbili kwa sababu yangu aombe msamaha. Daktari akaandika: kosa la mgonjwa. Akasema kwa upole kwamba likitokea la pili punje zitatolewa na matibabu yatafungwa, kwa sababu tumbo halitastahimili kushonwa mara ya tatu. Mama Nakijwa alipokuwa anatoka alinishika bega. "Pole, mwanangu," akaniambia. "Mungu atakulipa."

*

Siku mbili zilipita sijaenda. Ya tatu nikaenda, nikamkuta peke yake, madaftari yako chini ya kitanda hayajaguswa.

"Biskuti gani, Nakijwa?"

"Hakuna biskuti."

"Ulijuaje kama ni mie?"

Alitabasamu, na lile tabasamu lilinikata maini.

"Nilishiba," alisema. "Nilikuwa nimekaa hapa, nikasikia kitu kinapanda tumboni, sikijui. Nikadhani ndiyo nakufa. Halafu kikatulia, na kila kitu kikatulia nacho. Si kama kutosikia njaa, hilo nilishalizoea. Hiki kilikuwa kingine. Kama mtu kaniambia, inatosha, umefika, kaa. Miaka arobaini na moja, shoga. Nimekula sahani ngapi, sikuwahi kukifikia. Nikawa nalia peke yangu kwa raha. Ndipo maumivu yakaja."

"Nakijwa, mie..."

"Nikajua umekula, tena umekula sana. Sikukasirika. Ningekukasirikiaje? Najua inavyokuwa." Akanishika mkono, uleule uliokuwa kwenye sufuria. "Ila usiseme. Ukisema wanakutoa, na sina mwingine. Njaa ikinirudia na mshono huu mbichi, nitakula mpaka nipasuke. Najijua."

"Na mama yako? Umesikia alivyokusema?"

"Mama amenisema tangu nazaliwa. Safari hii haniui."

Nikamwahidi. Nilitoka pale nimeona aibu mpaka masikio yanawaka, lakini kwa ndani, niseme kweli, nilipumua. Nilikuwa nimesamehewa na hakuna anayejua. Ningeweza kuishi hivyo.

Basi nikafika kwenye kona ya Barabara ya Nane, na pale kuna mama anachoma vitumbua. Alasiri. Nilianza kuhesabu madirisha ya jengo la ng'ambo kama nilivyofundishwa. Nilipofika la kumi na moja, nikasikia, "Dada, subiri kipoe, utaungua." Nikatazama. Mkono wangu ulikuwa umeshika kitumbua, umekifikisha kidevuni. Sikujua nilivuka barabara saa ngapi.

Nilikidondosha nikakimbia. Mtu mzima, na kanga zangu, nakimbia barabarani. Zilibaki siku kumi na nane, na kila siku ina alasiri yake. Ahadi yangu ilikuwa inamtunzia Nakijwa mtu atakayemuua.

*

Nilisema kesho yake asubuhi, mbele ya daktari, mbele ya mama yake, sikuruka kitu. Nilisema tone, nikasema ukoko, nikasema kitumbua. Nilisema kwamba biskuti hazikuwapo na kwamba nilimwacha mwenzangu aombe msamaha mie nikiwa nimeshiba. Nilipomaliza nilidhani nitahisi wepesi. Sikuhisi.

Nakijwa aligeukia ukutani. "Nilikuomba kitu kimoja, Mwanakombo," alisema. "Kimoja tu."

Mama yake hakunitukana. Alinitazama juu mpaka chini, kama anayekadiria nguo iliyochanika kama inafaa kushonwa, kisha akaniondolea macho.

Daktari Shemdoe akavua miwani. "Nafuta kosa la mgonjwa. Na punje ya dada Mwanakombo inatoka leo, sina la kufanya. Yupo mwingine wa karibu?"

Nakijwa hana mume, hana ndugu wa tumbo moja. Nilimwona anakunja shuka kwa vidole, anaikunja na kuikunjua, na nikajua anaisikia njaa yake inarudi hata kabla haijarudi.

"Kwani mimi ni nani?" alisema Mama Nakijwa.

"Mama, kwa umri wako..."

"Umri wangu umefanya nini? Kiraka si mtanipa? Nipeni hiyo punje." Akamnyooshea mwanawe kidole, kisha mie. "Mmoja hawezi, wa pili hawezi. Niwaonyeshe kujizuia kukoje."

Walimpima mpaka adhuhuri, moyo, damu, kila kitu, ukakutwa mwili mzima kuliko wetu. Yangu ikatolewa chini ya sikio, ya kwake ikatiwa. Alikaa kwenye kiti kando ya kitanda, mkoba mapajani, shingo juu, kama yuko kanisani safu ya mbele. Daktari akagusa kioo.

Hakupiga kelele. Aliushika mkoba kwa mikono miwili, akaushika zaidi, mpaka mishipa ikasimama. Alitazama mlango, akatazama dirisha, akatazama glasi ya maji. Nilikuwa najua kila anapotazama anatafuta nini. Muda ukapita. Kisha ule mgongo, ambao sijawahi kuuona umepinda tangu nilipokuwa mtoto, ukapinda.

"Nakijwa."

"Abee, mama."

"Ulipokuwa mdogo. Nilikuwa nakupiga kwa kudokoa mboga jikoni."

"Ndiyo, mama."

"Nilikuwa nakupiga kwa mwiko." Alivuta pumzi. "Ulikuwa unasikia hivi?"

Nakijwa akageuka kutoka ukutani. Alimtazama mama yake muda mrefu, kama anayepima aseme kweli au amhurumie.

"Ndiyo, mama."

"Una miaka sita?"

"Sita. Hata mitano."

Yule mama aliuacha mkoba uanguke. Aliingiza mkono chini ya shuka, akaushika mguu wa mwanawe, akauinamia mpaka paji la uso likagusa goti. "Mwanangu," alikuwa anasema, "mwanangu, mwanangu," hana lingine. Nakijwa akaweka kiganja juu ya kitambaa cha kichwani cha mama yake. "Ikifika alasiri itazidi," alimwambia polepole. "Tutahesabu pamoja."

Hapakuwa na nafasi yangu pale. Nilichukua kanga yangu nikatoka, na hakuna aliyeniuliza nakwenda wapi.

Nje ya geti kuna kibanda cha chapati na maharage. Nilikuwa nasikia njaa, ya kwangu mwenyewe, mara ya kwanza baada ya siku ishirini na tatu. Ilikuwa kitu kidogo sana, kinapiga hodi tumboni kwa adabu. Nikakaa, nikaagiza chapati moja. Nilikula nusu, nusu ya pili ikanishinda. Nikaisukuma sahani.

"Vipi dada, si nzuri?" aliuliza mwenye kibanda.

"Nzuri," nikasema. "Nimeshiba."

Na niliona haya kulitamka, hata nikashindwa kumtazama usoni.